Menyu na vibao vya Kiitaliano na Kiingereza: mwongozo kwa wenye migahawa, gesti na waongoza wageni wa Bagamoyo

Ninachapa menyu, vibao na vipeperushi kwenye steshenari hapa Bagamoyo, na maswali ninayoulizwa ni yaleyale. Hii "ch" ya Kiitaliano inasomwaje? Kwa nini caffè ina kialama juu na maneno mengine hayana? Simu imenitafsiria hivi, nichape? Anauliza mama mwenye mgahawa jirani na soko la samaki, anauliza dada wa mapokezi wa gesti, na kijana anayetembeza wageni Kaole na Ngome Kongwe naye anauliza. Nimeamua kuyajibu yote mahali pamoja.

Mwongozo huu ni wa anayeanza. Hautakufundisha kuongea Kiitaliano. Ukiufuata utaweza kuandaa menyu ya ukurasa mmoja, vibao vichache na maelezo mafupi ya historia kwa lugha hizo mbili, bila kumchekesha mgeni na bila kumdhuru. Na ndiyo, kumdhuru kunawezekana. Subiri tufike kwenye karanga.

Andaa hivi kwanza

- Orodha ya vyakula vyako vyote kwa Kiswahili, iliyosemwa na mpishi mwenyewe.
- Daftari. Kila ukurasa uugawe safu tatu: Kiswahili kushoto, Kiitaliano katikati, Kiingereza kulia.
- Simu iliyoongezwa kibodi ya Kiitaliano. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya lugha na kibodi, uiongeze. Usiifute ya Kiswahili.
- Kamusi ya Kiingereza na Kiitaliano, ya kitabu au ya mtandaoni, na kama unaweza, kamusi nyingine inayoeleza Kiitaliano kwa Kiitaliano. Programu ya kutafsiri itumie, lakini iwe msaidizi tu.
- Subira ya siku moja zaidi kabla ya kulipia laminesheni.

Hatua ya 1: Anza na kitu chenyewe, usianze na Kiingereza

Karibu makosa yote ninayoyaona yanazaliwa hapa. Mtu anatoa chakula kwenye Kiswahili, anakipeleka kwenye Kiingereza, halafu anaipa simu hicho Kiingereza ikitie kwenye Kiitaliano. Neno la Kiingereza mara nyingi lina maana mbili au tatu, na simu haijui kama uko jikoni.

"Hot sauce" inaweza kurudi kama salsa calda, yaani mchuzi wa moto, wakati wewe ulimaanisha pilipili ya kuchovya, ambayo ni salsa piccante. "Dates" za kufturu zinaweza kutoka kama date, yaani tarehe, badala ya datteri, tende. "Starter" inaweza kukupeleka gereji: motorino d'avviamento ni starta ya gari. Ulichotaka ni antipasto, chakula cha kuanzia mlo.

Kwa hiyo kaa na mpishi. Kwa kila chakula muulize: ni kitu gani hasa, kimepikwaje, kimetiwa nini, kinaliwa na nini. Andika majibu kwenye safu ya Kiswahili. "Pweza wa nazi" peke yake haitoshi. Andika: pweza, amechemshwa, akapikwa kwa tui na ndimu, na wali pembeni. Maelezo hayo ndiyo utakayoyatafsiri. Jina "pweza wa nazi" litabaki juu kama lilivyo, kwa sababu mgeni amekuja pwani ya Waswahili, na jina la chakula ni sehemu ya alichokifuata.

Hatua ya 2: Zizoee herufi zinazodanganya

Hapa msemaji wa Kiswahili ana bahati. Vokali ni a, e, i, o, u, unazisoma vilevile unavyozisoma nyumbani, na maneno mengi ya Kiitaliano huishia kwenye vokali kama yetu. Alfabeti yao ina herufi 21. J, k, w, x na y hutokea kwenye maneno ya kigeni. Shida iko kwenye c, g, h na s.

- c ikifuatwa na e au i husomwa ch ya chai. Cena, chakula cha jioni, ni "chena".
- ch husomwa k. Zucchero, sukari, sehemu yake ya mwisho ni "kero".
- g ikifuatwa na e au i husomwa j. Gelato, aiskrimu, ni "jelato".
- gh ni g yetu ya gari. Funghi, uyoga, ni "fungi".
- gn ni ny ya nyanya, haina tofauti kubwa.
- gli hukaribia "lyi". Aglio, kitunguu saumu, ni "alyo".
- sc ikifuatwa na e au i ni sh. Sch ni sk. Bruschetta ni "brusketta", hata kama wahudumu wengi huita "brusheta".
- h mwanzoni mwa neno haisomwi kabisa.
- i inayokaa kati ya c au g na vokali nyingine kwa kawaida haitamkwi. Cioccolato ni "chokkolato". Ipo pale kuilainisha c tu.

Angalizo: usiandike Kiitaliano kwa sikio la Kiswahili. Ukisikia "peshe" ukaandika peshe, hilo si neno. Ukakumbuka kuna h mahali fulani ukaandika pesche, hilo ni neno, lakini umeuza mafyulisi, yale matunda ya nchi za baridi. Samaki ni pesce. Menyu ya mgahawa wa samaki ikikosea neno hili moja imeharibika yote.

Hatua ya 3: Hesabu konsonanti

Kiitaliano hurudufu konsonanti na hukaza sauti yake, na mara nyingi maana hugeuka kabisa. Kiswahili hakina mazoea hayo, ndiyo maana mikono yetu huiacha herufi ya pili bila macho kugundua.

Anno ni mwaka. Ano, yenye n moja, ni sehemu ya mwili isiyoandikwa kwenye kadi ya heri ya Mwaka Mpya. Penne ni tambi fupi zenye tundu. Pene ni uume. Capelli ni nywele, cappelli ni kofia; mwenye saluni na mwenye duka la kofia za ukindu wasibadilishane vibao. Sete ni kiu, sette ni saba. Pollo ni kuku, polpo ni pweza, na wakati wa haraka hizo mbili huchanganywa kuliko zote.

Kuna na kosa la kuangusha r. Carne ni nyama. Cane ni mbwa. "Cane alla griglia" nimeiona kwa macho yangu kwenye kibao cha chaki, na mwenye kibao alikuwa anashangaa wageni wanapiga picha badala ya kuagiza.

Hakuna kanuni ya kukuambia neno lipi lina konsonanti mbili. Dawa ni kunakili kutoka kwenye kamusi herufi kwa herufi, kisha kulisoma neno kutoka nyuma kwenda mbele. Ukilisoma kwa kawaida, jicho linaona linachotarajia. Kinyumenyume linalazimika kuona kilichopo.

Hatua ya 4: Weka alama panapostahili tu

Alama juu ya vokali huandikwa hasa pale mkazo unapoangukia silabi ya mwisho: caffè, città, papà. Huwekwa pia kwenye maneno mafupi ili yasifanane na mengine. Tè ni chai, te ni wewe. Sì ni ndiyo, si ni neno jingine. È ni kitenzi cha "ni", e ni "na". Kibao cha "Il bagno e chiuso" kinasema "choo na kimefungwa".

Kialama chenyewe kina mielekeo miwili. Caffè na tè huelekea kushoto. Perché huelekea kulia. Ukikosea mwelekeo utaeleweka, lakini mwalimu yeyote wa Kiitaliano atakunja uso.

Kwenye simu, bonyeza vokali uishikilie, chaguo zitajitokeza. Kwenye kompyuta ya Windows yenye vitufe vya namba upande wa kulia, shikilia Alt uandike: 0224 kwa à, 0232 kwa è, 0233 kwa é, 0236 kwa ì, 0242 kwa ò, 0249 kwa ù, na 0200 kwa È kubwa. Ziandike kwenye karatasi ubandike pembeni ya skrini.

Angalizo kwa wauza samaki: papa kwa Kiitaliano bila alama ni Baba Mtakatifu wa Roma, na papà ni baba wa nyumbani. Papa wetu wa baharini ni squalo.

Hatua ya 5: Jaza safu ya Kiitaliano

Sasa ndiyo kazi. Nitakaa hapa kwa sababu chakula cha pwani kina mitego yake.

Samaki na wa baharini ambao hawana utata: pweza polpo, ngisi calamari, kamba gamberi, kambakoche aragosta, kaa granchio, jodari tonno, chewa cernia. Hao waandike moja kwa moja.

Wengine hawana jina ambalo Mwitaliano wa kawaida analijua. Nguru kwa Kiingereza huitwa "kingfish", na ukitafsiri kipande kwa kipande utapata samaki mfalme asiyekuwepo. Changu huitwa "emperor", nako utaishia kwa mtawala. Hapo acha jina la Kiswahili, kisha eleza. Changu: pesce bianco alla griglia. Nguru: pesce della famiglia dello sgombro. Dagaa wa kukaanga nenda na pesciolini fritti, visamaki vya kukaanga, kila mtu ataelewa.

Nazi ina mitego miwili. Tui ni latte di cocco. Maji ya dafu ni acqua di cocco. Kuna menyu zinazouza "latte di cocco" halafu linakuja dafu zima na mrija. Mgeni hulifurahia, lakini aliyeagiza tui kwa ajili ya mtoto wake hafurahii. Wali wa nazi ni riso al cocco. Samaki wa kupaka ni pesce alla griglia in salsa di cocco.

Pilipili nazo. Kiingereza hutumia neno "pepper" kwa vitu vitatu. Kiitaliano, kama Kiswahili, huvitenganisha. Pilipili manga ni pepe. Pilipili hoho ni peperone, zikiwa nyingi peperoni. Pilipili kali ni peperoncino. Mtu akiomba pizza yenye peperoni kwa Kiitaliano anataka hoho. Ile soseji nyekundu ambayo Kiingereza cha Marekani huiita "pepperoni", yenye p mbili katikati, Waitaliano huita salame piccante. Kama unauza pizza, bandika hili ukutani mwa jiko.

Viungo vya pilau vina majina mazuri: mdalasini cannella, iliki cardamomo, tangawizi zenzero, karafuu chiodi di garofano. Hiyo ya mwisho lazima iandikwe yote matatu. Ukiandika chiodi peke yake, umetia misumari ndani ya pilau.

Mboga: mchicha kwa Kiingereza chetu huitwa "spinach", basi simu hutoa spinaci. Ni mmea mwingine. Andika foglie di amaranto. Kisamvu ni foglie di manioca. Maharage ni fagioli, na fagiolini ni yale mabichi yenye maganda. Viazi vitamu ni patate dolci. Bilingani ni melanzana. Mayai ni uova, na yai moja ni uovo. Usijaribu kuelewa kwa nini, kariri.

Vyakula vya kwetu kabisa, acha jina na uweke maelezo ya mstari mmoja. Vitumbua: frittelle di riso e cocco. Mishkaki ya ng'ombe: spiedini di manzo. Kachumbari: insalata di pomodori e cipolla. Chipsi mayai: frittata con patatine fritte. Chapati haihitaji chochote.

Sasa karanga. Kiingereza husema "nuts" kwa kundi kubwa, na watu huitafsiri noci. Kwa Mwitaliano noci ni jozi, aina moja tu. Karanga ni arachidi. Korosho ni anacardi. Mgeni mwenye mzio wa karanga akisoma "contiene noci" anaweza kuona kwamba karanga hazimo, akala mchicha wa karanga, na hapo unatafuta gari la kwenda hospitali. Andika contiene arachidi waziwazi kwenye kila chakula chenye karanga, na contiene anacardi penye korosho. Pia jifunze senza glutine, yaani bila gluteni. Usiiandike mpaka mpishi athibitishe kwamba hakuna unga wa ngano ndani, wala mafuta yaliyokaangia maandazi.

Hatua ya 6: Patanisha

Nomino za Kiitaliano ni za kiume au za kike, za umoja au za wingi, na kivumishi huzifuata. Usiogope. Wewe unasema kuku wa kukaanga, ndizi za kukaanga, kiazi cha kukaanga, wala hukufundishwa. Wao wana miisho minne tu:

- pollo fritto (kiume, mmoja)
- manioca fritta (kike, mmoja)
- calamari fritti (kiume, wengi)
- patate fritte (kike, wengi)

Neno likiishia -o aghalabu ni la kiume na wingi wake ni -i. Likiishia -a aghalabu ni la kike na wingi wake ni -e. Yanayoishia -e yaangalie kwenye kamusi. Caffè halibadiliki: kahawa mbili ni due caffè.

Kuna h inayojitokeza kwenye wingi ili sk isigeuke sh: pesce fresco, gamberi freschi, frutta fresca, banane fresche. Ukikumbuka hatua ya 2, utaona kwa nini inahitajika.

Kwenye menyu acha il, lo, la, gli na ndugu zao. Menyu haizihitaji, na hapo ndipo wanaoanza huteleza bure.

Hatua ya 7: Safu ya Kiingereza

Wengi hudhani hapa ndipo wako salama. Makosa ninayoyasahihisha kila mara ni haya: "kitchen" mahali pa "chicken", "soap" mahali pa "soup", "source" mahali pa "sauce", "desert", jangwa, mahali pa "dessert", na l na r kubadilishana kwenye "fried", "grilled" na hasa "rice". Ukibadilisha r ya "rice" kuwa l unauza chawa.

Chagua Kiingereza kimoja. Sisi tumezoea cha Uingereza, basi "prawns", "aubergine", "courgette", "chips". Ukichanganya na cha Marekani, mgeni atadhani "eggplant" na "aubergine" ni vyakula viwili.

Maneno ya Kiitaliano yaliyohamia Kiingereza huja na tahajia yake: cappuccino ina p mbili na c mbili, mozzarella ina z mbili na l mbili, espresso haina x. Isipokuwa machache: makaroni zetu ni "macaroni" kwa Kiingereza na maccheroni kwa Kiitaliano. Panini kwa Kiitaliano ni wingi. Mmoja ni panino. Na latte kwa Mwitaliano ni maziwa. Akiomba latte ukampa glasi ya maziwa, umemhudumia sawasawa. Mwingereza aliyeomba hivyohivyo alitaka kahawa.

Hatua ya 8: Pitia maneno pacha

Haya yanafanana sura, maana hazifanani. Nakili haya yanayohusu biashara yetu:

- caldo ni moto, wala si "cold". Kwenye bomba, C ya Kiitaliano ni maji ya moto na F ni baridi. C ya Kiingereza ni baridi. Gesti yenye hita iweke alama nyekundu na bluu, iachane na herufi.
- camera ni chumba. Kamera ni macchina fotografica.
- parenti ni ndugu na jamaa. Baba na mama ni genitori. Akisema anakuja na parenti, uliza idadi kabla ya kupanga vyumba.
- sale ni chumvi.
- libreria ni duka la vitabu. Maktaba ni biblioteca.
- fattoria ni shamba. Kiwanda ni fabbrica.
- preservativo ni kondomu. Mnaotengeneza jamu na achari, msiandike "senza preservativi" kwenye chupa. Kihifadhi cha chakula ni conservante, hivyo andika senza conservanti.

Hatua ya 9: Bei, saa na siku

Waitaliano huandika elfu kwa nukta na desimali kwa mkato. Kwao 15.000 ni elfu kumi na tano. Waingereza na sisi tunaandika 15,000. Tumia nafasi tupu: TZS 15 000. Hakuna atakayebisha.

Saa zigeuzwe kabla ya kuandikwa. Chakula cha jioni kuanzia saa 1 hadi saa 4 usiku ni 19.00–22.00 kwa Kiitaliano. Siku na miezi kwa Kiitaliano huanza na herufi ndogo, kwa Kiingereza kubwa: venerdì, lakini "Friday". Jumatatu hadi Ijumaa zina alama mwishoni: lunedì, martedì, mercoledì, giovedì, venerdì. Sabato na domenica hazina. Kama unafunga kwa sala ya Ijumaa: venerdì chiuso 12.00–14.00.

Hatua ya 10: Vibao na maelezo ya historia

Karibu ya mlangoni, kwa watu wengi, ni Benvenuti. Lakini "you are welcome" anayojibiwa mtu aliyeshukuru ni Prego. Marufuku ni Vietato: Vietato fumare. Sukuma ni Spingere, vuta ni Tirare.

Kwa waongoza wageni: magofu ya Kaole ni rovine di Kaole, msikiti moschea, makaburi tombe, mbuyu baobab, mikoko mangrovie, pembe za ndovu avorio, mtumwa schiavo na watumwa schiavi. Caravanserai, kituo cha misafara ya zamani, ni caravanserraglio. Gli hiyo isikutishe. Boma la Wajerumani linahitaji uangalifu: nchi ni Germania, ila Mjerumani ni tedesco. Afrika Mashariki ya Kijerumani, ambayo makao yake makuu yalikuwa hapa kabla ya kuhamia Dar es Salaam mwaka 1891, ni Africa Orientale Tedesca. Majina ya watu hayatafsiriwi: Livingstone, ambaye mwili wake ulipitia Misheni mwaka 1874, hubaki Livingstone. Jahazi, ngalawa na kanga acha kwa Kiswahili, ueleze kwa mdomo. Hiyo ndiyo kazi unayolipwa.

Hatua ya 11: Kagua kabla ya laminesheni

Funika safu ya Kiswahili. Chukua kila mstari wa Kiitaliano, uingize kwenye programu uugeuze kuwa Kiswahili au Kiingereza. Ukirudi na kitu tofauti, mstari huo una tatizo. Kisha tafuta picha za neno lenyewe mtandaoni. Ukiandika cernia ukaona samaki, sawa. Ukiandika jina ukaona vyombo vya gari, unajua ulipopotelea. Chapa nakala moja ya karatasi ya kawaida, ilale usiku mmoja, asubuhi mpe mtu ambaye hakuiandika. Akija mgeni wa Kiitaliano kabla hujalamineti, mpe kalamu. Wengi hufurahi kusahihisha kuliko kula.

Yakikwama

*Alama zinatoka kama visanduku au alama za kuuliza kwenye karatasi.* Fonti uliyotumia haina herufi hizo, mara nyingi ni zile za mapambo. Badilisha uweke fonti ya kawaida, kisha peleka faili la PDF steshenari badala ya faili la kuharirika.

*Simu inabadilisha maneno yenyewe.* Inarekebisha Kiitaliano kwa kamusi ya Kiingereza. Hamia kibodi ya Kiitaliano kabla ya kuanza kuandika, au zima urekebishaji.

*Kamusi mbili zinatoa majina mawili.* Huenda yote ni sahihi. Tikiti maji ni anguria kwa wengine na cocomero kwa wengine, kutegemea anatoka upande gani wa Italia. Chagua moja, ulitumie lilelile kila mahali.

*Mgeni anataja jina lake kwa simu, tahajia haieleweki.* Muulize kwanza anataja herufi kwa lugha gani. Herufi "i" ikitajwa kwa Kiitaliano ni i yako ya kawaida. Mwingereza akitoa sauti hiyohiyo anamaanisha e. Waitaliano hutaja kwa miji: A come Ancona, D come Domodossola, I come Imola, N come Napoli, T come Torino. Andika herufi ya kwanza ya kila mji. Acca ni h, doppia ni konsonanti mbili. Akisema "doppia esse" andika ss. Ukimaliza msomee ulichoandika, au mwombe atume ujumbe.

*Mgeni ameandika anatoka Monaco, pasipoti inasema Ujerumani.* Hajakudanganya. Waitaliano huita hivyo pia jiji la München.

*Umeshalamineti na kosa limeonekana.* Kama ni kialama cha caffè, endelea kuuza. Kama ni cane, pesche au noci, ing'oe leo.